Pijo 504 ya mzee: nikitoa rangi jioni, asubuhi chuma imeshika kutu. Mnafanyaje?

Pijo_ya_Ahero (Kisumu)

Wadau salaam. Naomba msaada wa mtu ambaye ameshafufua gari ya zamani kwa mikono yake. Niko na Peugeot 504 stesheni wagoni ya mzee wangu, ile alikuwa anabebea watu Kisumu, Nakuru mpaka Nairobi enzi za Pijo, akastaafu nayo, ikaegeshwa nyuma ya nyumba kule Ahero chini ya mwembe na hapo ndio imekaa tangu 2009. Mzee alitutoka mwaka juzi. Watu wa vyuma chakavu wamekuja mara tatu na mizani yao na mara tatu nimewarudisha, hiyo gari haitauzwa kwa kilo mimi nikiwa hai.

Injini inazunguka ukiishika kwa mkono, hapo sina wasiwasi sana. Shida ni bodi. Nimeileta hapa Mamboleo kwa banda la rafiki, nikaanza kufungua Februari wakati wa jua, kila kitu kikaenda vizuri. Nikafungua milango yote, boneti, mudgadi za mbele, springi, ngoma za breki, nati na bolti ndoo mbili nzima. Halafu mvua ya Machi ikaingia.

Sasa sikieni kilichonipata. Jumamosi nilitoa rangi mlango wa dereva wote na greinda na brashi ya waya, ukabaki mweupe unang'aa kama sufuria mpya, saa kumi na mbili jioni nikauegemeza ukutani nikaenda nyumbani. Usiku mvua ikanyesha lakini mlango ulikuwa ndani, haukuguswa na tone hata moja. Asubuhi nafungua banda napata umekuwa rangi ya chungwa kote, na pale nilipokuwa nimeushikia wakati wa kuubeba vidole vyangu vinne vimechorwa kwa kutu, nyeusi nyeusi, hadi mistari ya ngozi inaonekana. Nimepiga msasa tena, jioni yake tena imerudi. Sasa ni kama napaka rangi kwa maji.

Naomba kujua, kwanza hii chuma nikishaisafisha naihifadhi vipi kwa sababu sina pesa ya kumaliza gari mara moja, hii kazi itachukua mwaka au zaidi, napata pesa kidogo kidogo. Pili vile vitu vidogo, mabano na bolti na springi, nitatoa kutu kimoja kimoja na brashi hadi lini? Tatu kuna mtu ameniambia nipake oili chafu kila mahali na nisahau, ni kweli?

Fundi_wa_Kibuye (Kisumu)

Omera, ndugu yangu, pole kwa mzee. Hizo Pijo nazijua, nimezigonga tangu 1988 nikiwa kijana wa kushika taa. Gari ile si ya mchezo, 404 ilichukua Safari Rally mara nne miaka ya sitini na 504 ikaichukua 1975, Ove Andersson akiwa kwa usukani, barabara nyingi za wakati huo hazina lami na matope yanafika kwa mlango. Umefanya vizuri kuwarudisha wale wa mizani.

Sasa kosa lako nalisema wazi usikasirike. Umeivua gari nguo halafu ukaiacha ilale uchi. Chuma iliyotolewa rangi isilale uchi hata usiku mmoja, hapa Kisumu hasa, sisi tunaishi kando ya ziwa na hewa yenyewe ni mbichi, mvua haihitaji kuigusa. Usiku bati inapoa haraka kuliko hewa, ile hewa ya joto yenye maji ikiigusa inaacha jasho juu yake, jasho jembamba hata huwezi kuliona kwa macho, na hilo linatosha. Na vile vidole vinne ni chumvi ya mwili wako. Chuma safi haishikwi na mkono mtupu kabisa, vaa glavu au ushike na kitambaa kisafi, na kabla ya kupaka chochote ufute na thina, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufutia kabla thina haijakauka yenyewe, maana ikikauka yenyewe mafuta yanarudi palepale.

Kazi ipange hivi. Unatoa rangi kipande kile utaweza kupaka praima, ile rangi ya kwanza ya kulinda chuma, siku hiyohiyo. Kama ni mlango mmoja ni mlango mmoja, kama ni nusu ya boneti ni nusu ya boneti, na ile rangi ya zamani iliyobaki iache hapo ilipo, mbovu vile ilivyo bado inalinda kuliko hewa. Anza saa nne asubuhi bati ikishapata joto la jua, saa nane uwe umemaliza kupaka, kwa sababu unajua mvua yetu inakuja jioni na upepo wake unafika kabla yake. Mimi napima hivi: nafuta alama moja ya maji kwa bati na kitambaa, kama dakika 15 zimepita na ile alama bado ina unyevu, siku hiyo sipaki, nafanya kazi ingine.

Praima ni redi oksaidi, ile nyekundu, koti mbili. Na chini ya gari oili chafu ukichanganya na dizeli kidogo, ndivyo tulifundishwa na magari yalikaa.

Mama_Landi (Bahati, Nakuru)

Nakubaliana na mzee wa Kibuye karibu yote, hasa hiyo ya kutoa kipande unachoweza kufunika siku hiyo, hiyo ndio kazi yote ukifikiria. Mimi nimemaliza Land Rover Series III ndefu ya shamba, miaka miwili na nusu nikifanya wikendi na kijana wangu, na nimelipia makosa ndio nikajua. Kwa heshima mzee, kwa redi oksaidi na oili chafu nitatofautiana na wewe kidogo.

Ile redi oksaidi ya mkebe mmoja ya hadiwea inakunywa maji. Ni nzuri kama juu yake unaweka rangi ya mwisho mapema, lakini huyu kijana amesema kazi itachukua mwaka. Redi oksaidi ikikaa miezi kwa unyevu peke yake, maji yanapita pole pole mpaka kwa chuma na kutu inaanza chini yake, wewe unaona nyekundu unadhani ni praima kumbe ni kutu, rangi zenyewe zinafanana! Ilinipata kwa ukuta wa mbele wa Landi, ule unaobeba dashibodi. Nilipaka nikaacha msimu mmoja, nikarudi nikakwaruza na kisu ikatoka kama ganda.

Kwa kitu kitakachokaa kikingoja tafuta epoksi, ile ya mikebe miwili, praima na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Hiyo ikishakauka maji hayapiti kirahisi. Bei inauma lakini unapaka mara moja. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwa mkebe si kwa kukisia, na usichanganye nyingi kuliko ile utamaliza kwa sababu ikianza kuganda imeganda. Vaa glavu, hadina yake inaharibu ngozi, na mtu ikimkataa mara moja inamkataa maisha. Kama huna kompresa sehemu za chini na za ndani unaweza kupaka na brashi, haitaonekana. Epoksi pia haipendi jua, inageuka unga unga juu, kwa hivyo weka vitu kivulini mpaka siku ya rangi ya mwisho. Na siku hiyo ikifika baada ya miezi, lazima upige msasa kidogo juu yake ndio rangi ishike.

Kitu ingine ambayo inaniuma roho kila nikipita karakana. Fila, ile ya kujazia mabonde ya bati, na msasa wa maji. Fundi anatoa rangi mpaka chuma, anapaka fila moja kwa moja kwa chuma, halafu anachukua ndoo na msasa wa maji anasugua fila huku maji yanatiririka. Fila ni kama chaki, inafyonza maji yote hayo, anapaka praima juu, anapaka rangi, gari inatoka inameta kama kioo na mwenye gari anapiga picha. Mwaka haujaisha unaona vipele kwa rangi. Mimi nililipa mtu kwa mlango wa nyuma wa gari yangu ndogo ikawa hivyo hivyo na nikalipa tena kutoa yote. Epoksi kwanza kwa chuma, fila juu ya epoksi, na fila inapigwa msasa mkavu. Vumbi ni mbaya, vaa maski, lakini maji hapana.

Wale wa Landi mnisikie pia, bodi ni alumini, chesisi (ile fremu ya chini) na ukuta wa mbele ni chuma, na pale viwili vinapogusana na maji yakiwa katikati alumini inaliwa inakuwa unga mweupe. Weka rangi pande zote mbili na kitu cha kutenganisha katikati, raba nyembamba au silanti. Kwa Pijo hii haikuhusu sana kwa sababu bodi yote ni chuma.

Ile ya oili chafu nitarudi, jiko linaniita.

Pijo_ya_Ahero

Asante sana mzee, na asante dada. Nimesoma mara mbili. Kumbe ndio maana mlango wa nyuma wa mzee ulikuwa unatoa vipele kila mwaka na kila mwaka anapeleka kwa fundi huyohuyo, sasa nimeelewa.

Leo nimefunika milango iliyobaki na nailoni nikaifunga kabisa na selotepu ili hewa isiingie, nimefanya vizuri? Na bado sijapata jibu la ndoo mbili za bolti.

Fundi_wa_Kibuye

Toa nailoni leo leo. Umefungia unyevu ndani, itatoka jasho kama mtu amelala na blanketi mbili. Inua vyuma kwa mbao, visiguse sakafu ya simiti, simiti inavuta maji kutoka chini, egemeza upepo upite pande zote. Kama lazima ufunike tumia shuka ya pamba kwa ajili ya vumbi tu.

Kijana_wa_Chemelil (Muhoroni)

Ndoo mbili za bolti hiyo ni kazi ya molasi bro, na wewe uko Kisumu umezungukwa na miwa unasumbuka na brashi!

Molasi, ule uji mweusi wa miwa wanaolishwa ng'ombe, ya agroveti. Sisi huku tunaipata kirahisi kwa sababu ya viwanda, lakini hata hapo mjini utapata ya mtungi. Chukua pipa la plastiki, lita moja ya molasi kwa lita tisa za maji, koroga mpaka iwe kama chai ya rangi iliyokolea, tumbukiza vyuma vyako vyote vizame kabisa, funika, enda zako. Si asidi kali, molasi ina vitu vinavyoshika kutu vinaitoa pole pole na chuma yenyewe vinaiacha. Wiki ya kwanza utadhani nimekudanganya. Wiki ya pili toa moja usugue na brashi ya nguo, utaona kutu inatoka kama matope laini. Nilikuwa na ngoma za breki za Datsun ya babu, zimekaa nje miaka sijui mingapi, zimevimba kutu kama mkate. Siku 18 kwa molasi. Nilipozitoa nikaosha na maji ya mpira niliona namba za kiwanda zilizochongwa, hakuna mtu nyumbani alijua kama ziko na namba.

Lakini shika haya. Kwanza kitu cha alumini kisiingie kabisa, kabureta usijaribu, molasi inaila na utatoa kitu kina mashimo kama sponji. Tenganisha vizuri kabla ya kutumbukiza kwa sababu kuna mabano yako na bushi ya alumini ndani. Pili mafuta na grisi toa kwanza na sabuni, molasi haipiti kwa grisi, pale penye grisi kutu itabaki vilevile. Tatu harufu. Itachacha, itatoa povu, nyuki na nzi watakuja wote, weka mbali na nyumba na mbali na choo cha jirani ili asije akalaumiwa yeye. Kitu kisikae nusu ndani nusu nje, pale kwenye mstari wa maji pataliwa.

Na hapa ndio watu huharibu: ukikitoa kikiwa safi kiko uchi kuliko vile mzee amesema. Kutu ya manjano inarudi ukiangalia, dakika tu. Mimi nakuwa na ndoo tatu tayari, ya kwanza maji safi na brashi, ya pili maji ya moto kabisa, chuma ikitoka kwa maji ya moto inakauka yenyewe kwa joto lake, ya tatu ni oili nyembamba kwa bolti, au kama ni kitu cha kupakwa rangi naenda nacho juani moja kwa moja, nafuta na thina na praima inaingia kingali na joto kidogo. Usitoe vitu kumi mara moja. Toa viwili, maliza viwili.

Mwalimu_wa_Kemia (Kakamega)

Nimefurahi kusoma hii. Naongeza kidogo upande wangu.

Kutu inataka vitu viwili vikutane kwa chuma, maji na oksijeni. Ukiondoa kimoja hakuna kutu, na chumvi ikiongezeka kazi inaenda mbio zaidi kwa sababu umeme mdogo unaotembea kwenye yale maji unapita kirahisi. Ndio maana gari ya Mombasa inaoza kuliko ya Kakamega ingawa sisi tunanyeshewa sana. Kijana akinunua milango au mudgadi za mitumba kutoka Pwani aoshe kwa maji mengi safi kabla ya kufanya kitu kingine, chumvi inajificha ndani ya vishimo vya kutu na ukipaka rangi juu yake umeifungia kutu na mlo wake.

Kwa wenye haraka kuna njia ya umeme. Pipa la plastiki, maji, na magadi soda, kijiko cha chakula kimoja kwa lita 4 hivi. Chaja ya zamani ya betri ya volti 12, waya wa hasi kwa kitu chenye kutu, waya wa chanya kwa kipande cha nondo kisichogusana nacho. Usichanganye hizo waya mbili, ukigeuza utakula chuma yako badala ya nondo. Kesho yake kutu imekuwa nyeusi laini, inatoka kwa brashi. Magadi ya sokoni ina chumvi ndani yake, kwa hivyo suuza sana baadaye, ukipata soda ya kufulia iliyo safi ni bora. Nondo iwe ya chuma ya kawaida, msitumie kijiko wala sinki la chuma kisichoshika kutu, ile ina kromiamu na maji yake yanageuka sumu. Na mapovu yale ni haidrojeni, yanalipuka, fanyeni nje, mzime umeme ukutani kabla ya kugusa waya, sigara mbali.

Springi. Naomba msinipuuze hapa. Springi, na zile bolti ngumu zilizo na namba 10.9 au 12.9 juu ya kichwa, zisiingie kwa umeme wala kwa asidi. Haidrojeni inaingia ndani ya chuma ngumu na kuifanya iwe dhaifu, haionyeshi alama yoyote, siku moja inakatika barabarani. Springi toa kutu na brashi ya waya tu. Najua karakana zingine wanatumbukiza vitu kwa maji ya betri, ni haraka kweli, lakini ile asidi inabaki kwa mikunjo ya bati hata uoshe vipi na inaendelea kula miaka.

Kuhusu dawa za kugeuza kutu, zile unapaka inakuwa nyeusi: nyingi zina tanini au asidi ya fosforasi. Tanini ndiyo hiyohiyo ya magome ya mti wa muwati yanayolainishia ngozi, ikikutana na kutu inatengeneza kitu cheusi kigumu kisichoyeyuka. Zinafaa pale mkono haufiki, kutu ikiwa nyembamba na imeshikilia. Kutu ya maganda lazima itolewe kwanza, dawa haifiki chini yake. Na ile ya asidi isafishwe vizuri kabla ya epoksi, epoksi haishiki juu ya asidi.

Mama_Landi

Nimerudi. Asante mwalimu kwa ile ya springi, mimi sikujua na nina springi moja nilitumbukiza kwa molasi, nimeenda kuiangalia.

Molasi ni pole, lakini sina uhakika kama haidhuru springi, mwalimu atuambie.

Sasa oili chafu. Mzee ni kweli inazuia maji, sikatai, nimeona Landi za zamani chesisi nzima imepona kwa sababu injini yake ilikuwa inavuja tangu kuzaliwa. Lakini inakula bushi za raba, inashika vumbi mpaka inakuwa udongo unaoshikilia unyevu, na mtu akija kuchomelea chini hapo inashika moto. Na ile oili ikishatumika ni mbaya kwa ngozi na kwa udongo wa shamba lako. Mimi ndani ya chesisi nilitumia nta. Nta ya nyuki ya Baringo, gramu 200 hivi, nikaiyeyusha kwa sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikaongeza lita moja ya oili mpya, nikaitoa kabisa kwa moto nikaipeleka nje ndio nikamimina tapentaini mpaka ikawa nyepesi ya kupita kwa pampu ya dawa. Msiweke tapentaini karibu na jiko tafadhali. Inaingia kwa mikunjo yote, tapentaini inaruka, inabaki ngozi laini isiyopasuka, na ukikwaruza inajifunika yenyewe. Hii inafanywa mwisho kabisa, baada ya kuchomelea yote na rangi yote, kwa sababu rangi haishiki juu ya nta.

Fundi_wa_Kibuye

Mama Landi nimekusikia, nta nitaijaribu, nina Corolla moja hapa ya mteja mvumilivu.

Kijana nirudi kwako. 504 haina chesisi ya kutoa kando kama Landi, bodi ndio chesisi. Kwa hivyo usidanganywe na milango na boneti, hizo ni za macho. Inayobeba gari ni ile boksi ya pembeni chini ya milango, kushoto na kulia, na sakafu. Piga hapo na nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma ukisikiliza. Pazima panalia tin, palipooza panalia pof. Halafu lala chini utafute mashimo madogo ya kutoa maji, yako chini ya hiyo boksi na chini ya kila mlango. Gari iliyokaa chini ya mwembe lazima yameziba. Maji yanaingia kwa kioo kupitia raba iliyokauka, yanashuka ndani ya mlango, yanakosa pa kutokea, yanalala hapo. Wewe unapaka epoksi nje na mlango unaoza kutoka ndani. Ingiza waya, toboa, mwaga maji juu uone yanatoka chini.

Ukikata bati uliyoikuta imeoza, kata mpaka ufike bati nzima, usichomelee kiraka juu ya kutu. Pale bati mbili zinalaliana paka praima ya zinki kabla ya kuchomelea, kwa sababu ukishachomelea hapo katikati hautafika tena. Zinki ni kama ya mabati ya nyumba, umeona bati ya paa ukiikwaruza haishiki kutu haraka, zinki inajitoa ili chuma ipone. Toa waya za betri kwanza na tangi la petroli litoke kwa gari kabisa, si kusogeza, litoke.

Na sandiblasti, ile ya kutoa kutu kwa kupuliza mchanga, kuna watu watakuambia. Kwa springi na ekseli sawa. Kwa bati ya mlango hapana, bati ile haifiki hata milimita moja, itagongwa na mchanga na kukunjika mawimbi mawimbi na hautawahi kuinyoosha. Na vijana wanaopuliza mchanga bila maski ya maana wanakufa na mapafu, nimezika wawili.

Pijo_ya_Ahero

Wazee wangu na dada zangu narudi na ripoti, ni wiki ya tano leo.

Nimefuata kipande kwa kipande. Milango mitatu imevaa epoksi, wa nne ni Jumamosi jua likiwa poa. Ule wa vidole vinne nimeusafisha mara ya mwisho nikiwa na glavu, thina vitambaa viwili vile mzee alisema, nikapaka saa tano asubuhi, mvua imenyesha karibu kila jioni tangu siku hiyo na hakuna doa. Boneti bado ina rangi yake ya zamani, nimeiacha ivae nguo zake mpaka zamu yake ifike.

Pipa la molasi linanuka kweli, jirani ameuliza kama tunapika kitu. Bolti zimetoka safi, ndoo moja na nusu, ile iliyobaki nilikuta ina alumini ndani nikaitenga kabla. Nilitoa bano la betri likaonekana mkwaruzo mrefu na kando yake herufi mbili za jina la mzee alizochonga na msumari, nadhani siku ambazo betri zilikuwa zinaibwa kwa steji. Hilo sijalipaka rangi ya kufunika, nimelipaka epoksi ya wazi juu juu, sijui kama itashika vizuri lakini niliona siwezi kufuta.

Sasa habari mbaya. Nimepiga nyundo boksi ya kushoto. Kutoka mbele mpaka mlango wa nyuma inalia tin. Hapo nyuma kama futi mbili inalia pof, na nilipoingiza waya kwa shimo la maji haukuingia. Nikatoboa na bisibisi, ukamwagika udongo mweusi wa Kano, wa mafuriko ya mto Nyando, mkavu kabisa kama unga wa wimbi, na majani ya mwembe yaliyooza, nikajaza karai moja na nusu. Ndani bati imekuwa kama kadibodi. Upande wa kulia umeziba pia lakini bado unalia tin.

Mzee wa Kibuye, nikikuletea gari kwa gari ya kuvuta Jumatatu utaniangalilia hiyo ya kushoto ukiwa na mimi nashika taa? Bati na zinki nitakuja nazo, na tangi la petroli limeshatoka.

Fundi_wa_Kibuye

Leta. Upande wa kulia usiuguse mpaka tushikilie gari na jeki pande zote nne, tukikata kushoto bila hiyo milango haitafunga tena. Na njoo na lile bano, nataka kuona hizo herufi.